Mtoto wa Shangani na mpiga picha wa Dar

Kila mwaka Novemba ikikaribia ukingoni, simu yangu hujaa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza, Queen. Rafiki zangu wa Unguja hunitumia picha zilezile: masharubu, koti la manjano, ngumi hewani. Ni tarehe 24, siku aliyofariki mwaka 1991. Chini ya picha mmoja huandika "mtoto wetu wa Mji Mkongwe", mwingine hujibu kwamba huyo si wetu, kazaliwa tu hapa, na wa tatu huandika "Mola amrehemu". Hapo ndipo moto unapowaka, na sisi wa Dar tunazima sauti ya kundi mpaka kesho.

Mimi siku hiyo huwa nina yangu kichwani, yaliyoanza tangu jana yake. Tarehe 23 Novemba 1996 alifariki Mohamed Amin, ambaye wenzake walimwita Mo. Kama wewe ni mpenzi wa roki utauliza alikuwa akipiga chombo gani. Hakupiga gitaa wala dramu. Alipiga picha. Lakini lile tamasha la Live Aid la mwaka 1985, ambalo wapenzi wa roki hawachoki kulisimulia, ambalo Freddie aliliteka kwa dakika 21, lilianzia kwenye kamera ya huyu bwana aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam.

Nikiri mapema kwamba jambo hili linanigusa. Nashika kamera mwaka wa 19 sasa, mingi katika hiyo kwenye harusi. Mtu wa video harusini anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, anakula kilichobaki chini ya sufuria, na albamu ikija kufunguliwa, yeye hayumo. Kwa hiyo nikisoma historia ya roki, macho yangu huenda pembeni ya jukwaa kabla hayajamfikia mwimbaji.

Wapenzi wa roki wanazishika tarehe kama wazee wetu wanavyoshika miandamo ya mwezi. Watakuambia kwamba tarehe 5 Julai 1954 Elvis Presley, dereva wa lori mwenye umri wa miaka 19, aliimba studio moja ndogo mjini Memphis na mambo yakabadilika. Kwa wenzetu wa Kenya, tarehe hiyohiyo ni ya waziri Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi 5 Julai 1969, na kamera iliyofika pale mapema ilikuwa ya Mo Amin. Watakuambia John Lennon wa The Beatles aliuawa New York usiku wa tarehe 8 Desemba 1980. Kwa saa za kwetu ilikuwa alfajiri imeshapita, karibu saa moja asubuhi ya tarehe 9, Sikukuu ya Uhuru. Kila tarehe yao, ukiigeuza kwa saa za kwetu, inaangukia mahali pengine kabisa. Nimezoea kuzigeuza. Ni mchezo wangu wa kwenye daladala foleni ikikaza.

Habari za Freddie nilizisikia kwanza kwa mjomba, aliyekuwa baharia na alikuwa akirudi nyumbani na kaseti nyingi kuliko nguo. Nilikuwa darasa la nne. Alitia kaseti kwenye redio ya National, akaniambia nisikilize vizuri, na katikati ya wimbo mrefu usioeleweka unaanzia wapi nikasikia watu wakiimba "Bismillah". Nikamtazama bibi. Bibi naye akamtazama mjomba. Mjomba akasema, "Huyo ni Bulsara, mama. Kazaliwa Unguja. Baba yake alikuwa keshia mahakamani." Bibi akasema hata kama babake angekuwa kadhi, jina la Mungu haliimbwi na magitaa, na kaseti ikatolewa.

Mjomba hakudanganya. Farrokh Bulsara, ndiye Freddie mwenyewe, alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi waliotokea Gujarat, India, watu wa dini ya Zoroaster, wale ambao vitabu vyetu vya dini huwaita Majusi. Baba alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Familia haikuwa tajiri sana, lakini ilikuwa na yaya na ilikuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto wa miaka minane shule ya bweni ng'ambo, St Peter's, mji wa Panchgani huko India. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, ndiko alikojifunza piano, na ndiko alikopiga katika bendi yake ya kwanza ya shule, The Hectics.

Nalitaja hili kwa sababu kila mzee wa Mji Mkongwe niliyekutana naye amesoma na Freddie, au amecheza naye gololi Shangani, au anamdai. Ukijumlisha wote, mtoto yule hakulala wala hakupanda meli. Ukweli ni kwamba utoto wake mwingi uliishia Panchgani. Alirudi Unguja kijana, mwaka 1963, na mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964. Familia ya Bulsara, kama familia nyingi za Kihindi za visiwani, ikafungasha. Wakahamia Feltham, kitongoji kilicho pembeni ya London karibu na uwanja wa ndege. Kijana alikuwa na miaka 17.

Siku 28 baada ya Mapinduzi, 9 Februari 1964, The Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani, na hiyo nayo ni mojawapo ya tarehe kuu za roki, inayotimiza miaka kwa shamrashamra. Unguja Februari ile watu walikuwa na mengine. Na miongoni mwa waliozunguka kisiwa kile na kamera siku za Mapinduzi alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Dar. Huyo ndiye Mo.

Baba yake Mo alikuwa mfanyakazi wa reli. Mtoto alizaliwa Nairobi mwaka 1943, familia ikahamia Dar angali mdogo, na huku Dar akapata kamera yake ya kwanza, Box Brownie, kijisanduku cha kupigia picha ambacho hakina hata cha kurekebisha. Mwaka 1963 akafungua duka lake la picha mjini Dar, akaliita Camerapix. Alikuwa na umri ambao siku hizi vijana wetu bado wanaomba hela ya bando. Mapinduzi ya Zanzibar yakamfanya ajulikane kwa wahariri wa Ulaya. Mwaka 1966 Zanzibar hiyohiyo ikamtia ndani karibu mwezi mzima kwa sababu ya kamera yake, na alipotoka akahamishia kazi zake Nairobi.

Kwa hiyo fikiria mwanzoni mwa mwaka 1964: Unguja moja, mji mmoja ambao unaweza kuuvuka kwa miguu ndani ya nusu saa. Kijana mmoja anafungasha ili aondoke, mwingine anafungua kamera ili apige. Sina ushahidi wowote kwamba walipishana hata uchochoroni, na silazimishi. Ila wote wawili walitoka katika jamii zilezile zilizovuka bahari ya Hindi kuja kufanya kazi za karani, reli na duka, na wote wawili walikataa kazi hizo. Kisha wakapoteana kwa miaka 20.

Ya Freddie katika miaka hiyo yanajulikana, nitayapita haraka. Alisoma chuo cha sanaa cha Ealing, akauza nguo za mtumba sokoni Kensington pamoja na Roger Taylor, mwaka 1970 wakaanzisha Queen na Brian May, na John Deacon akaja mwaka uliofuata. Albamu yao ya kwanza ilitoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973. Ishike tarehe hiyo. Wimbo ule uliomkera bibi, "Bohemian Rhapsody", ulitoka 31 Oktoba 1975, ukiwa na urefu wa karibu dakika sita wakati redio zilitaka tatu, ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa. Oktoba 2025 ulitimiza miaka 50. Nimeusikiliza tena kwa spika kubwa, na bado siwezi kumweleza mtu unahusu nini.

Sasa twende Korem, kaskazini mwa Ethiopia.

Mwaka 1984 Ethiopia ilikuwa na njaa, na serikali ya Mengistu Haile Mariam haikutaka ionekane. Mwezi Septemba walikuwa wametimiza miaka kumi ya mapinduzi yao, Addis Ababa imepambwa, na kaskazini watu wanakufa. Ukame ulikuwapo, lakini palikuwa pia na vita: jeshi la serikali lilikuwa likipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, na chakula hakipiti kwenye vita. Waandishi walinyimwa vibali vya kwenda huko. Mo, ambaye kazi yake kwa miaka 20 ilikuwa kujua nani apigiwe simu na nani anyweshwe kahawa, alipata kibali. Akaenda na Michael Buerk, mwandishi wa BBC aliyekuwa na kituo chake Afrika Kusini.

Waliyoyakuta Korem na Mekelle nimeyatazama mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu. Kwanza nilitazama kama kila mtu, kwa machozi. Baadaye nikatazama kama mtu wa kamera, na hapo ndipo nilipoona kazi. Picha ya kwanza ni alfajiri. Uwanda umejaa ukungu na moshi wa mioto, na watu wamejifunika mablanketi, maelfu, wametulia kama mawe. Kamera haina haraka. Sisi wa harusi tuna ugonjwa wa kuvuta na kurudisha lenzi kila baada ya sekunde tatu kama tunapampu maji. Mo anaweka kamera na kuacha. Anamfuata mama, anabaki kwa mama. Anashuka mpaka usawa wa uso wa mtoto, hapigi kwa juu. Ukipiga mtu mwenye dhiki kwa juu unampunguza hadhi, kila fundi wa kamera analijua hilo na wengi tunalisahau kwa kuona uvivu wa kupiga goti.

Taarifa hiyo ilirushwa BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Ilikwenda dakika karibu saba, muda mrefu mno kwa habari ya televisheni, kisha vituo zaidi ya 400 duniani vikairusha. Sauti ya Buerk ikasifiwa, na ilistahili. Jina la Mo wengi hawakulisikia.

Aliyeiona nyumbani kwake London jioni ile ni Bob Geldof, mwimbaji wa bendi ya Ireland, The Boomtown Rats, ambayo wakati huo nyota yake ilikuwa imeanza kufifia. Akampigia mwanamuziki mwenzake, Midge Ure, wakatunga wimbo wa Krismasi, na tarehe 25 Novemba 1984 wakawakusanya waimbaji maarufu wa Uingereza studio moja ya Notting Hill, wakarekodi kwa siku moja. Band Aid, wakajiita. Mwanzoni mwa Desemba santuri ikatoka na kuuzwa kwa mamilioni.

Jina la wimbo huo linauliza kama watu wa kule wanajua kuwa ni Krismasi. Tunazungumzia Ethiopia, nchi iliyopokea Ukristo karne ya 4, na Krismasi yao wanaisherehekea tarehe 7 Januari kwa kalenda yao wenyewe. Nadhani wangeweza kujibu, "Tunajua, bado wiki mbili." Lakini nisicheke sana, fedha zilipatikana na malori yalikwenda.

Wamarekani nao hawakukubali kupitwa. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, Los Angeles, walikusanyika kina Michael Jackson, Lionel Richie, Bruce Springsteen, Tina Turner na Bob Dylan, kurekodi wimbo wao, "We Are the World". Katikati ya usiku Stevie Wonder akatoa wazo: tuweke mstari wa Kiswahili. Naipenda sana hadithi hii. Nawaza mastaa wale, saa saba za usiku, macho yameiva, wanafundishwa kutamka maneno yanayodaiwa kuwa ya kwetu. Waylon Jennings, mzee wa muziki wa kantri, akaona haya makubwa, akaondoka zake. Kisha mtu akakumbusha kwamba Ethiopia hawasemi Kiswahili. Mstari ukafutwa.

Kwa hiyo Kiswahili kilikaribia kabisa kuingia katika wimbo ule na kikatolewa mlangoni, kwa haki, kwa sababu Waamhara na Watigray hawakuwa na haja nacho. Kumbe Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo, mdomoni mwa aliyebeba kamera. Mtu aliyekulia Dar ya miaka ya 1950 hakuweza kununua hata mhindi wa kuchoma bila hicho.

Halafu ndiyo Live Aid, tamasha la kina Geldof la kuchangia njaa ya Ethiopia, tarehe 13 Julai 1985. Nilikuambia uishike tarehe hiyo. Miaka 12 kamili tangu albamu ya kwanza ya Queen, wala sidhani kuna aliyepanga. Viwanja viwili, Wembley London na John F. Kennedy Philadelphia, siku moja, kwa setilaiti. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 40, na Brazil wanaiadhimisha kila mwaka kama Siku ya Roki Duniani, ingawa dunia yenyewe nje ya Brazil haina habari nyingi.

London walianza saa sita mchana, kwetu saa nane. Prince Charles na Diana wamekaa, Status Quo wakafungua. Phil Collins aliimba Wembley, akapanda Concorde, ndege ya kasi kuliko sauti, akaimba tena Philadelphia siku ileile, jambo ambalo watu wanalisimulia kama muujiza na mimi naona ni nauli tu. U2 walinogewa na wimbo mmoja kwa dakika kumi na kitu, Bono akashuka kucheza na msichana, mpaka muda wao wa wimbo wa mwisho ukaisha. Led Zeppelin walirudi pamoja na walikuwa wabovu, wenyewe wamekiri. Paul McCartney alipoketi kwenye piano kufunga, maiki yake haikusikika dakika mbili za mwanzo. Ukiwahi kushika mitambo kwenye harusi ya mtu mzito, unajua yule fundi wa sauti alikuwa akisoma dua gani.

Queen waliingia saa 12 na dakika 41 jioni. Huku jua lilikuwa limeshazama zamani, saa 2:41 usiku, giza tupu. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni kabisa, hiyo ilikuja mwaka 1994. Hivyo usiku ule mtoto wa Shangani alipokuwa anatazamwa na dunia, upande huu wa maji sisi tulikuwa tunasikiliza redio na kufukuza mbu.

Nimeiona kwa mara ya kwanza kwenye mkanda wa VHS, kibanda cha video Magomeni, miaka kumi baadaye. Mwenye kibanda aliweka ili kujaza muda wakati anasubiri umeme utulie aweke filamu ya Wachina. Freddie anaingia akikimbia kidogo, fulana nyeupe isiyo na mikono, suruali ya jinzi iliyopauka, kikuku mkononi. Anakaa kwenye piano, ambayo juu yake wamejaza vikombe vya soda vya karatasi, na anaanza ule wimbo wa bibi, kipande tu. Bado jua halijazama. Hakuna taa za kumpamba wala moshi, na Queen ilikuwa bendi ya taa na moshi. Ana nusu tu ya ile stendi ya maiki, fimbo yake ya siku zote. Watu 72,000 wanapiga makofi juu ya vichwa vyao kwa pamoja, na ukitazama kutoka kamera ya nyuma unaona mikono ikifunguka na kufumba kama shamba la kitu kinachopumua.

Kisha anasimama peke yake na kuwaitikisha. Yeye anatoa sauti, wao wanairudisha. Anaongeza madaha, wanamfuata. Hakuna ala. Pale kibandani tulikuwa kama watu 15, hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha, na palikuwa hapana Kiingereza cha kujua, ilikuwa sauti tu. Aliye mbele yangu akaitikia. Wa pembeni naye. Mara ya tatu kibanda kizima kikaitikia, na mwenye kibanda akaja kuchungulia kuna nini. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kuitikia. Ndivyo tunavyoimba kwenye maulidi, ndivyo ngoma inavyokwenda, anayeanzisha na wanaopokea. Yeye alikulia katika dini nyingine na muziki mwingine, na siwezi kusema aliipata Unguja. Nasema tu kwamba pale Magomeni tulimwelewa upesi sana.

Dakika 21. Wenzake walikuja na mazoea, Queen walikuja na mazoezi, siku kadhaa katika ukumbi wa Shaw Theatre wakipunguza nyimbo kwa saa ya mkononi mpaka zikaenea katika muda waliopewa.

Nikitoka hapo huwa napata uchungu kidogo, na sitaki kuuficha. Jukwaa la Wembley siku ile, kwa ajili ya Afrika, halikuwa na Waafrika wa kuhesabika. Vita iliyosababisha njaa haikutajwa sana, kwa kuwa vita haichangishi fedha vizuri kama ukame. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mengistu aliwafukuza madaktari wa Médecins Sans Frontières wa Ufaransa kwa kusema hadharani kwamba watu wanahamishwa kwa nguvu na misaada inatumika kama chambo. Bado kuna watu hai leo kwa sababu ya malori yale. Yote mawili ni kweli, na mimi sijapata namna ya kuyapatanisha. Mjomba alikuwa akisema tu, "Fedha ya msiba haiulizwi ilikotoka." Sikubaliani naye, lakini sijawahi kuwa na njaa ya namna ile.

Na Mo? Aliendelea na kazi. Juni 1991, utawala wa Mengistu ukiwa umeshaanguka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa naye yupo pale anapiga. Mtunza sauti wake, John Mathai, alifariki. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Wapo waliodhani ndiyo basi. Akatengenezewa mkono wa bandia, akatafuta namna ya kuufungia kamera, akarudi kazini. Mimi mwaka juzi niliteguka kidole nikapumzika wiki tatu.

Miezi mitano baada ya mlipuko ule, tarehe 23 Novemba 1991, Freddie alitoa tangazo fupi kwamba ana Ukimwi. Jioni ya kesho yake alifariki nyumbani kwake Kensington, miaka 45. Kwetu mwaka ule Ukimwi ulikuwa hautajwi jina. Mtu alikuwa "anaumwa kwa muda mrefu", na jirani walihesabu kilo zake kwa macho. Mjomba alisikia habari ya Freddie kwenye BBC Idhaa ya Kiswahili, akazima redio, akakaa. Bibi akamuuliza nani kafa. Akasema, "Yule wa Bismillah." Bibi akasema, "Innalillahi," kisha akaendelea kuchambua mchele.

Miaka mitano baadaye, tena tarehe 23 Novemba, Mo alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis kurudi nyumbani Nairobi. Vijana watatu waliiteka na kumtaka rubani, Leul Abate, awapeleke Australia. Akawaeleza mafuta hayafiki. Hawakumwamini. Ndege ikaambaa pwani ya Afrika Mashariki kuelekea kusini, pwani yetu hii, mpaka injini zikazima karibu na Ngazija, kisiwa cha Komoro. Rubani akaitua baharini, mbele ya hoteli ya ufukweni, na ikavunjika. Kati ya watu 175 walipona 50. Mo alikuwa na miaka 53. Walionusurika wamesimulia kwamba alikuwa amesimama akibishana na watekaji. Ile ndege ikigonga maji ilipigwa video na watalii waliokuwa ufukweni, na hiyo nayo dunia nzima imeiona.

Siku mbili baadaye, 25 Novemba 1996, mjini Montreux, Uswisi, ilizinduliwa sanamu ya Freddie kando ya ziwa, ngumi juu. Katika wiki ile magazeti ya muziki yalikuwa na picha ya sanamu.

Unguja yenyewe ilichukua muda. Septemba 2006 palipangwa sherehe ufukweni ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, wanaharakati wa dini wakaipinga kwa sababu ya mwenendo wake wa maisha, na haikufanyika. Tarehe 24 Novemba 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani, na sasa watu wanapanga foleni. Tarehe 5 Septemba 2026 ni miaka 80 tangu azaliwe. Habari za sherehe sizijui, ila foleni naijua.

Nilikwenda mwaka jana, kulikuwa na harusi Mombasa ya Unguja na nilikuwa na nusu siku kabla ya boti. Nje ya jumba palikuwa na papasi mmoja kijana, fulana ya Queen, anawaeleza Wataliano habari za Farrokh kwa Kiitaliano kizuri kuliko Kiingereza changu. Alipomaliza nikamwuliza, "Mdogo wangu, unamjua Mo Amin?"

Akafikiri. "Idi Amin?"

"Mo. Mpiga picha. Alifungwa huku mwaka 66."

"Kaka, huyo hana jumba," akasema, bila ubaya wowote.

Wale Wataliano walikuwa wamejipanga mlangoni, watano, wengine wameinua ngumi. Mmoja akaona begi langu la kamera, akanyoosha simu yake. Nikaipokea. Jua lilikuwa nyuma yao, nyuso zote nyeusi. Nikawaashiria wasogee kushoto, penye kivuli, kisha nikapiga goti.